Uhandisi jiolojia: kwa nini mwaka wa pili unapukutisha watu?

#1 JiweLaTatu
Wakuu, habari za muda.

Nimemaliza mwaka wa kwanza wa uhandisi jiolojia na matokeo yametoka salama. Kinachoninyima usingizi ni wale walionitangulia. Mwaka jana darasa lao lilikuwa linajaa mpaka wengine wanakaa kwenye ngazi. Sasa hivi wamebaki safu mbili za mbele na jamaa mmoja anayelala nyuma.

Nimeulizia, kila mtu ana lake. Mmoja kasema hesabu. Mwingine kasema kukariri madini. Wa tatu, ambaye kahamia uhandisi ujenzi, kaniambia: "Dogo, ile kozi haijui inataka kuwa nini. Asubuhi unasimulia bahari iliyokauka miaka milioni 200 iliyopita, mchana unadaiwa jibu lenye desimali mbili."

Mliopita huko, ni nini hasa kinawaangusha watu? Na mimi nihame mapema au nikomae?

#2 Hesabu_Tupu
Hesabu. Uzi ufungwe.

Watu wanakuja wakidhani ni jiografia ya sekondari iliyovaa kofia ngumu. Mwaka wa kwanza unawabembeleza: aina za miamba, umri wa dunia, picha za volkano. Mwaka wa pili wanakutana na mekanika ya udongo, mwendo wa maji ardhini, boriti zinazopinda na kalkulasi yenye vigeu vitatu. Aliyeikimbia hesabu sekondari hana tena pa kujificha.

#3 Bi_Mashapo
#2 umefunga mapema mno. Mimi hesabu nilikuwa nafaulu na bado nilirudia mwaka. Kilichonikamata ni hadubini.

Kwa asiyejua: mwamba unakatwa na kusagwa mpaka ubaki utando wa milimita 0.03 tu, mwanga unapenya kama kwenye kioo. Unauweka chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga, unazungusha meza yake, na madini yanawaka, yanazima, yanabadilika rangi. Plajioklezi inajitokeza na milia kama pundamilia. Kwatzi inakaa kimya tu, haina milia wala mpasuko, ndiyo maana wageni wanaichanganya na kila kitu.

Mtihani wetu ulikuwa meza kumi, hadubini kumi, dakika tano kila moja, kengele ikilia unahama. Kengele ya kwanza ilinikuta bado natafuta swichi ya taa.

Pale fomula haikuokoi. Ama jicho limeshazoea kwa kuangalia mara mia mbili, ama halijazoea.

#4 Tabaka7
Nyote mmepita pembeni. Kinachoangusha ni kuona umbo lenye pande tatu ukiwa umepewa karatasi bapa.

JiweLaTatu, fanya hivi leo usiku. Chukua daftari lenye jalada gumu, liinamishe ndani ya beseni la maji. Pale uso wa maji unapolikata jalada pana mstari. Huo ndio mlalo wa tabaka. Sasa dondoshea tone la maji juu ya jalada. Njia linayoteremkia ndiyo mwinamo. Dira unaiweka kwenye ule mstari, pembe unaipima kwenye njia ya tone. Nusu ya jiolojia ya miundo umeshaimaliza.

Shida ni kwamba mtihani haukupi daftari wala beseni. Unapewa ramani ya kontua na visima vitatu vilivyokutana na tabaka la makaa kwa vina tofauti, halafu unaambiwa: tukichoronga hapa, makaa tutayakuta kina gani? Na yanatokeza wapi juu ya ardhi? Kwenye darasa letu waliokuwa vichwa wa kalkulasi walikaa pale saa nzima wanatazama karatasi kama barua ya posa.

#5 NyundoMoja
Nimejaribu la beseni. Daftari lilikuwa la mwenzangu wa chumbani. Mlalo nimeupata, urafiki ndio sina hakika nao.

#6 Mhandisi_Kavu
Niseme msilotaka kulisikia. Watu wanaondoka kwa sababu wameshtuka. Mhandisi ujenzi anasoma mekanika ya udongo na anapiga hesabu za msingi wa jengo mwenyewe. Mwanajiolojia anasoma miamba na anachora ramani mwenyewe. Huyu wa katikati anahitajika na nani? Kozi imekatwa vipande viwili na kila kipande kina mwenyewe tayari.

Si matusi, mimi ni mjenzi na nafanya kazi na hawa watu vizuri tu.

#7 MtegoWaMaji
Mhandisi_Kavu, kasome Vajont, Italia, 1963. Bwawa lilipasuka kwa kukosa huyohuyo mtu wa katikati. Wahandisi wa zege walijenga, mlima ukawakataa. Watu karibu 2,000 walikufa.

#8 Kunjo_na_Mpasuko
#7 sahihisho, mkuu. Ukuta wa Vajont HAUKUPASUKA, na hapo ndipo panapouma. Una kimo cha karibu mita 262 na mpaka leo umesimama. Kilichotokea usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963 ni kwamba ubavu wa mlima Toc, kama mita za ujazo milioni 270, uliteleza kwa mkupuo mmoja ukaingia bwawani. Maji yakaruka juu ya ukuta na kuushukia mji wa Longarone. Zege lilifanya kazi yake yote. Kilichoshindwa ni ubavu ambao haukuwemo kwenye hesabu za zege.

Kama unataka ukuta ulioangushwa na mwamba wake, taja Malpasset, Ufaransa, Desemba 1959. Ule ulikwenda kweli: mwamba wa naisi wenye mabamba upande wa kushoto, mpasuko mkubwa chini yake, presha ya maji ikausukuma mwamba na ukuta ukafuata. Watu zaidi ya 400.

#9 Mhandisi_Kavu
Asante kwa kunipigia debe. Edoardo Semenza, mwanajiolojia, mtoto wa Carlo Semenza aliyesanifu ukuta huohuo wa Vajont, alishaandika mwaka 1960 kwamba pale pana mporomoko wa kale. Mwanajiolojia alikuwepo na alisema. Mhandisi jiolojia angeongeza nini?

#10 Kunjo_na_Mpasuko
Angeongeza swali la pili: utatembea kwa kasi gani? Kusema "hapa pana mporomoko wa kale" ni nusu ya kazi. Waliokuwa pale waliamini wanaweza kuuongoza kwa kupandisha na kushusha maji ya bwawa, na kwa muda mlima ulionekana kutii. Maji yakipanda unakaza mwendo, yakishuka unapunguza. Vuli ya 1963 wakashusha maji kama kawaida yao, haukupunguza.

#11 MtegoWaMaji
Nimekubali sahihisho, niliandika kwa kumbukumbu. Lakini kile kilichoufanya uteleze kwa kasi vile ni nini? Sisi tulifundishwa ni udongo mfinyanzi, basi.

#12 Kunjo_na_Mpasuko
Hakuna "basi" pale. Ripoti za mwanzo za miaka ya 1960 zilisema hakuna tabaka la mfinyanzi la maana, na mshauri wa mradi alikuwa Leopold Müller, mwamba wa mekanika ya miamba wa enzi zile. Mwaka 1985 watafiti Hendron na Patton wakaonyesha mfinyanzi upo palepale kwenye uso wa kuteleza, na wakatia uzito pia kwenye mvua iliyoingia kutoka juu ya mlima na kujaza presha chini. Kuna wanaosema msuguano wenyewe ulipasha joto maji yaliyonaswa mpaka yakaubeba ubavu. Kila baada ya miaka kadhaa anatokea mtu na modeli mpya.

#13 Hesabu_Tupu
Na zote ni hesabu. Nawapa ndogo muone kwa nini naishikilia.

Mteremko mrefu wa mchanga, nyuzi 25. Pembe ya msuguano wa mchanga huo, nyuzi 35. Ukiwa mkavu, usalama wake ni tan 35 gawanya kwa tan 25: 0.70 kwa 0.466, yaani 1.5. Uko salama, unalala usingizi.

Mvua inyeshe mpaka maji yajae hadi juu na yatiririke sambamba na mteremko. Udongo uliojaa maji una kilonyutoni kama 20 kwa mita ya ujazo, na maji 10. Uzito unaozibana chembe zishikane unabaki nusu. Uzito unaouvuta mteremko kushuka uko palepale, 20. Kwa hiyo 1.5 inakuwa 0.75. Umeshateremka.

Asiyeweza kufanya hii kwenye kisanduku cha sigara mwaka wa pili unamfukuza kihalali.

#14 MtegoWaMaji
Hiyo ndiyo kanuni ya Terzaghi, kwamba presha ya maji inapunguza kinachozibana chembe. Mwanajiolojia yule jamani, heshima yake.

#15 Bi_Mashapo
Karl Terzaghi digrii yake ilikuwa uhandisi mitambo, Graz. Jiolojia aliipenda na aliisoma, lakini hakuanzia huko. Kazi yake kubwa ya udongo ni ya 1925.

#16 Mhandisi_Kavu
Kumbe hata baba wa fani hakuisoma kozi yenu 😂

#17 MchorongajiMstaafu
Mwanangu Hesabu_Tupu, shikamoo za mtandaoni hazina maana, nauliza tu. Hiyo 35 umeitoa wapi?

#18 Hesabu_Tupu
Mzee, huo ni mfano. Mchanga huwa unakuwa kati ya 30 na 40 hivi. Kazini unapata kutoka maabara.

#19 MchorongajiMstaafu
Maabara inaupata kwangu. Ndiyo maana nimeuliza.

Mimi sina digrii. Nimekaa kwenye mtambo wa kuchoronga miaka 27, na vijana wenu nimewapokea wengi, na karatasi zao safi. Nitawaambia ninachokiona.

Tukichoronga, tunasukuma maji chini kupitia mabomba, yanarudi juu na tope. Siku moja tuko mita ya 31, maji yakaacha kurudi. Nikamwambia kijana aliyekuwa anaandika: maji yamekatika. Akaniitikia "sawa mzee", akaendelea kusubiri koa itoke. Tulikuwa tumechoronga mita moja na nusu. Iliyotoka ilikuwa sentimita 90. Itale, nyeupe kwa nyeusi, ngumu, ukiigonga inalia. Akaimwagia maji ing'ae, akapiga picha, akaandika: mwamba mzuri.

Sentimita 60 hazikuandikwa popote.

Mwamba mzuri hutoka. Mbovu husagika na kuondoka na maji. Kwa hiyo sandukuni wanalala wale walionusurika tu. Bosi wake alipokuja wala hakuitazama ile itale. Akachutama, akaweka kidole kwenye kibao cha mbao ninachoandikia kina, akauliza: "Hapa palikuwa na nini, na maji yalikwenda wapi?" Kijana akanitazama mimi.

Wanaanguka kwa sababu wanaandika walichokiona tu.

#20 NyundoMoja
Mzee, nina swali la kijinga. Koa ni yule mdudu anayeteleza bustanini na kuacha ute?

#21 Bi_Mashapo
😂😂 Ni mche wa mwamba, ule mviringo mrefu unaotoka ndani ya bomba la kuchorongea. Lakini kusema kweli wiki ya kwanza kambini niliposikia "nenda kahesabu koa kwenye masanduku" nami nilichukua glavu.

#22 MtegoWaMaji
Alichosema mzee ndiyo maana tuna RQD. Unajumlisha vipande vyote vya inchi 10 na zaidi, unagawa kwa urefu uliotoka, unapata asilimia ya ubora wa mwamba. Don Deere, miaka ya 1960.

#23 Kunjo_na_Mpasuko
Mkuu unatupa kazi leo. Makosa mawili. Ni sentimita 10, yaani inchi 4. Na hugawi kwa urefu uliotoka, unagawa kwa urefu uliochorongwa. Hilo la pili ndilo linaua watu, hebu chukua koa ya mzee.

Tuseme kwenye zile 90, vipande virefu vinajumlika sentimita 84. Ukigawa kwa 90 unapata asilimia 93, "bora kabisa". Ukigawa kwa 150, kama inavyotakiwa, unapata 56, "wastani". Sanduku ni lilelile. Mmoja anaweka nguzo chache za kushikilia paa la handaki, mwingine anaweka nyingi.

Na mipasuko iliyoletwa na kuchoronga au na kijana aliyeangusha sanduku haihesabiwi. Unakiunganisha kipande kwanza. Uso mpya, mchafu wa unga tu, haukuwa ufa. Uso wenye kutu ya chuma au utando wa mfinyanzi ulikuwa ufa kabla hujazaliwa.

#24 MtegoWaMaji
Basi mimi leo ni kifaa cha kufundishia 🙌 Naendelea kukosea kwa manufaa ya umma.

#25 Hesabu_Tupu
Sawa, mzee nimekuelewa. Lakini angalieni: kosa la kugawa kwa 90 badala ya 150 ni kosa la hesabu. Ya darasa la tano, ila ni hesabu.

#26 Tabaka7
Hapana. Kugawanya anajua. Hakujua kwamba kile kisichoonekana kina urefu.

#27 Msomaji_Kimya
Nimesoma kimya siku mbili, niongeze jambo la mkate maana naona mnakwenda kwenye falsafa.

Kwenye chuo nilichosoma, waliohama mwaka wa pili wengi hawakufeli. Waligundua kwamba programu yetu haikuwa imetambuliwa na bodi ya wahandisi. Jina lilikuwa "uhandisi", digrii ilikuwa ya sayansi. Ukimaliza unasajiliwa kama mwanajiolojia, na saini ya mhandisi huna. Hakuna aliyetuambia mlangoni. Tulilijua kutoka kwa waliomaliza na kukataliwa.

Inategemea nchi. Uturuki kuna idara nyingi za uhandisi jiolojia na mhitimu anaitwa mhandisi bila mjadala. Marekani ziko chache, kama Colorado School of Mines na Missouri S&T, na zinapita kwenye ithibati ya programu za uhandisi. Kwingine jina hilo halipo kabisa, unasoma jiolojia kwanza kisha shahada ya pili ya jiolojia ya kihandisi. Kama una mpango wa kuvuka mpaka, ulizia pia kama nchi yako imo kwenye Mkataba wa Washington wa 1989, ule wa kutambuliana ithibati za digrii za uhandisi.

JiweLaTatu, kabla hujauliza kama unaweza hesabu, uliza karatasi yako itasomeka vipi.

#28 Mhandisi_Kavu
#27 ndilo nililokuwa nasema, yeye kalisema kwa adabu.

#29 JiweLaTatu
Nimeangalia. Yetu imetambuliwa, iko kwenye orodha. Nimepumua.

Sasa swali lingine: kambi. Wiki tano porini mwishoni mwa mwaka wa pili. Wapo waliokwenda wakarudi na barua ya kuhama mkononi.

#30 NyundoMoja
Kambi ndiyo inapukutisha, na hapa sitanii. Siku ya tatu mimi na mwenzangu tulipima asubuhi nzima, vituo 14, milalo yote inaelekea kaskazini mashariki vizuri kabisa. Jioni mwalimu akaweka ramani yetu juu ya ya wenzetu. Tabaka zetu zilikuwa zinakatisha za kwao kwa nyuzi 30, kama tulikuwa kwenye sayari nyingine. Tukaanza kutunga nadharia. Mwenzangu akachora mpasuko mkubwa katikati ya bonde kuelezea tofauti. Mpasuko mzuri, wenye mishale.

Mwalimu akachukua ubao wangu wa kuandikia, ule wa chuma wenye kibanio cha sumaku, akausogeza karibu na dira. Sindano ikaufuata kama kifaranga.

Vituo vyote 14 tulirudia kwa miguu. Mwenzangu alihamia uhasibu.

#31 Bi_Mashapo
Na magamba ya simu yenye sumaku siku hizi! Nyundo nayo iweke mbali. Na ukiwa juu ya miamba yenye magnetaiti nyingi, yale madini ya chuma yenye sumaku, dira yako ni pambo, pima kwa jua au kwa alama za mbali.

Kwa madada wanaosoma kimya: kambi ni ngumu kwa kila mtu. Linaloudhi ni lile la kupewa daftari uandike wakati kaka wanapewa nyundo. Siku ya kwanza chukua nyundo mwenyewe usisubiri kugawiwa. Mimi sikuichukua, nikawa katibu wa kikundi wiki tano, na mpaka leo mwandiko wangu ni mzuri kuliko pigo langu.

#32 Rangi_Mbili
Naomba kuuliza nje ya mada kidogo. Mimi sitofautishi nyekundu na kijani. Nimechaguliwa kozi hii. Nikae au niondoke kabla ya hadubini ya dada Bi_Mashapo?

#33 Bi_Mashapo
Kaa, ila mwambie mwalimu wa maabara mapema. Rangi ni dalili mojawapo, na mara nyingi ndiyo inayodanganya zaidi. Kuna pembe ya kuzimia, kuna mipasuko ya madini, kuna umbo la fuwele, kuna kujitokeza dhidi ya madini jirani. Nje ya hadubini una ugumu wa Mohs, yaani madini gani yanakwaruza yapi, na una asidi: kalisaiti inachemka ukidondoshea tu, dolomaiti mpaka uikwaruze iwe unga. Hapo macho yako na yangu ni sawasawa. Kwenye kuelezea rangi ya udongo, pata mwenzako akusomee kadi ya rangi.

#34 Kunjo_na_Mpasuko
Na udongo wenyewe ukikushinda, tafuna. Kidogo tu, kati ya meno ya mbele. Ukisaga kama mchanga laini, ni vumbi tope. Ukiteleza kama siagi, ni mfinyanzi. Usifanye hivyo kwenye uwanja wa kiwanda cha zamani wala karibu na choo, tafadhali, naandika hili kwa sababu kuna mtu alifanya.

#35 NyundoMoja
Taja jina.

#36 Kunjo_na_Mpasuko
Hapana 😅

#37 Tabaka7
Turudi kidogo. Naona kila mtu anataja kilichomwangusha yeye. Mimi nadhani kuna kitu kinachopita kati ya vyote: kuvumilia kutokuwa na uhakika. Mwanafunzi wa uhandisi mwingine anapewa chuma, chuma kina cheti chenye namba. Huyu anapewa mlima na mashimo manne. Wapo watu wenye akili sana ambao hilo linawatesa kimwili.

Chukueni handaki la msingi la Gotthard, Uswisi, kilomita 57, lililofunguliwa 2016. Kabla ya kulichimba, kila mtu aliogopa eneo la Piora. Mashimo ya uchunguzi ya miaka ya 1990 yalikuta dolomaiti iliyolegea kama sukari, imejaa maji yenye presha kali. Ikifunguka handakini, mnazikwa. Wakaendelea kuchoronga kwa kina kikubwa zaidi wakakuta kwamba kwenye usawa wa handaki mwamba uleule ni mkavu na mgumu. Mashine ilipopita, ikapita.

Sasa je, waliogopa bure? Mwanafunzi wa mwaka wa pili atakwambia ndiyo.

#38 Mhandisi_Kavu
Mjenzi naye atakwambia ndiyo, kisha atauliza yale mashimo yalilipiwa na nani.

#39 MchorongajiMstaafu
Tulilipwa sisi, na hatukulalamika.

#40 Hesabu_Tupu
Kuna mtu atataja sasa hivi programu za akili bandia zinazosoma picha za koa na kuhesabu nyufa zenyewe. Nimeziona zinafanya kazi, haraka kuliko mimi. Labda ndizo zinazowakimbiza watu, wanajiuliza wanasomea nini.

#41 Bi_Mashapo
Mwaka wangu hazikuwepo na watu walikimbia vilevile. Halafu picha haigeuzi kipande ione uso wa ndani kama una kutu au ni mpya. Bado, ngoja nisiape.

#42 JiweLaTatu
Wakuu, nimeshindwa kujua nani yuko sahihi. Nimehesabu: hesabu, hadubini, pande tatu, utambulisho wa kozi, usajili, kambi, kutokuuliza, kutovumilia shaka. Na mimi kila moja linanihusu kidogo.

Ila nimefanya jambo. Nimekwenda stoo ya idara, nikamwomba mtunza stoo sanduku moja la koa ya zamani linalokula vumbi. Nimekaa nalo alasiri nzima, nimelowesha, nimeunganisha vipande. Haya ndiyo niliyoandika, mnisahihishe bila huruma:

Mita 12.00 hadi 13.50. Naisi ya kijivu, chembe za kati, mabamba yameinama kama nyuzi 40 kutoka kwenye mhimili wa koa. Haijachakaa sana, isipokuwa kwenye nyufa pana kutu ya kahawia. Nyufa za asili 7, tatu kati yake zina utando wa mfinyanzi unaokwaruzika kwa ukucha. Urefu uliotoka sentimita 131. Vipande vya sentimita 10 na zaidi vinajumlika 97. RQD 65, nimegawa kwa 150.

#43 Kunjo_na_Mpasuko
Safi sana kwa mwaka wa kwanza. Kwenye ule mfinyanzi ongeza unene wake, hata kama ni milimita moja. Na useme zile tatu zinalala sambamba na mabamba au zinayakata.

#44 MchorongajiMstaafu
Umeandika vizuri mwanangu. Hizo sentimita 19 ambazo hazikutoka, ziko mwanzoni mwa sanduku, katikati, au mwishoni?

#45 JiweLaTatu
Mzee… stoo imefungwa. Kesho saa mbili asubuhi niko mlangoni.

#46 Mgeni_Jana
Wakuu samahani, sijasoma uzi wote. Hii kozi ina hesabu?